Nyumba Isiyo na Mlango

Kilianza kijiko.
Kilianguka Jumatatu, kiwandani, mbele ya Maureen;
nikasema ni mafuta. Jumanne kikaanguka tena,
nikasema ni usingizi.
Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeishiwa uongo.
Mkono wa kulia, ambao jina lenyewe linataja kazi yake,
ulikaa ubavuni mwangu kama mpangaji asiyelipa kodi
wala hahami.

Sheffield ni mji wa visu.
Miaka kumi na tisa nimesugua visu vya watu,
vya siagi, vya samaki, vya keki za harusi nisizoalikwa,
mpaka nione meno yangu ndani ya bapa.
Sasa mkate ukinishinda.

Nikajifunza kula kwa kushoto.
Nilifunga pazia kwanza.
Shangazi Mwanahawa akapiga simu ya picha kutoka Pangani,
akaona kikombe kiko mkono gani,
akanyamaza,
kisha akauliza habari za baridi.

Mguu nao ukaiga mkono.
Mtaa wetu ni mteremko, na mji mzima ni mteremko;
kisigino kiliburura, soli ikalika upande mmoja,
fundi viatu akaniuliza nacheza mchezo gani.

Ndipo wakanilaza ndani ya bomba linalogonga
kama mafundi watatu wanaogombea bati moja.
Daktari Hepworth akanigeuzia kioo:
kichwa changu kimepasuliwa kama tikiti,
na kushoto, huko kunakoamuru kulia,
duara jeusi, tulivu, lisilo na haya.
Kifuko cha maji, akasema. Si saratani.
Huenda ulizaliwa nacho. Kimejaa polepole,
sasa kinaukandamiza ubongo.

Miaka arobaini na sita nimebeba maji kichwani
bila ndoo, bila ngata,
na sijamwaga hata tone!

Kitendawili.
Tega.
Nyumba yangu haina mlango.
Utotoni tulijibu: yai.
Hepworth hakulijua jibu, ila aliijua dawa.
Hatutakiondoa, alisema, tutakitoboa dirisha:
tundu dogo kwenye fuvu, kamera nyembamba kama mrija wa soda,
ukuta wa kifuko ufunguke,
maji yake yakachanganyike na maji mengine ya kichwa
yanayojua njia ya kushuka.
Akataja hatari moja moja: damu, degedege, maambukizi,
na kwamba mkono huenda usirudi wote.
Nikamuuliza kisu chake kimetengenezwa wapi.
Akacheka. Hakujua.
Nikatia saini kwa kushoto,
jina langu likatoka kama la mtoto wa chekechea.

Walininyoa kipande cha ukubwa wa kiganja,
wakaniambia nihesabu.
Moja, mbili, tatu.
Nne sikuiona.

Kisha koo kavu, taa, sauti ya nesi: Finya vidole vyangu.
Nikafinya.
Vizuri, akasema, sasa na mkono wa kulia.
Nilidhani ndio niliofinya nao.

Usiku huo nililia kimya,
na nikakumbuka kwamba kulia ni neno moja
kwa mkono, kwa chakula na kwa machozi,
jambo ambalo sikuwa na wa kumweleza wodini.

Siku ya tatu kidole gumba kilinyanyuka.
Hakuna aliyepiga kigelegele;
mama wa kitanda cha pili alikuwa anatazama mashindano ya mapishi.
Siku ya tano vidole vitatu. Mguu ukaikanyaga sakafu
kama unaijua, ingawa si sana.
Kidole cha mwisho bado kina kiburi,
kinasimama pembeni wenzake wakikunjana,
na mtaalamu wa mazoezi hunipa vifungo vya shati nivifunge,
kitufe kimoja, dakika nne,
tena.

Shangazi alipopiga nilikishika kikombe kwa kulia.
Kilitetemeka. Chai ikavuka ukingo,
ikaingia kwenye shuka la hospitali.
Umemwaga, akasema.

Nimemwaga, shangazi.
Lakini tazama ni kwa mkono upi.